Kucha za Hakimu

Jumatatu, 3 Machi

Mwenye nyumba amepanda ngazi leo asubuhi. Hajawahi kupanda. Kwa kawaida hugonga dari yake kwa mpini wa ufagio, na sisi huku juu tunaelewa. Leo amekuja mwenyewe, na kandambili zake, kiganja kwenye paji la uso. Amesema kichwa kinamuuma tangu mwaka juzi na sasa amejua chanzo. Chanzo ni kucha za mbwa wetu. Tok, tok, tok, kutoka jikoni hadi sebuleni, kutoka sebuleni hadi mlangoni, juu ya vigae, juu ya kichwa chake. Mbwa mwenyewe tumekuwa naye tangu mwaka jana tu, lakini sikutaka ubishi na mgonjwa. Ametupa hadi mwisho wa mwezi. Kelele ziishe au mbwa aondoke.

Mbwa ni Hakimu. Si wangu. Ni wa mama mkwe wangu, aliyehamia kwetu baada ya mzee kufariki. Alikuja na sanduku, redio na Hakimu. Anaitwa hivyo kwa sababu akikutazama unajiona umeshapatikana na hatia.

Ingekuwa mbwa tu, nisingekosa usingizi. Lakini Mama amesema kwa upole, huku anatafuta kikombe chake, kwamba Hakimu akiondoka naye anaondoka. Atakwenda kwa mwanawe. Mwanawe ni shemeji yangu, tunayemwita Mkurugenzi ingawa hakuna anachokiongoza isipokuwa mazungumzo. Ana nyumba yenye bustani, na kwenye majani kucha hazilii. Jioni hii ameshapiga simu kusema chumba kiko tayari. Nani amemwambia?

Sitaki Mama aondoke. Naandika hapa kwa kuwa hapa hasomi mtu. Nikirudi kazini ni yeye anayeniuliza siku ilikwendaje, kisha anasubiri jibu. Mama watoto huuliza pia, lakini huku anatoka chumbani.

Mama watoto ameshauri tumpeleke Hakimu kwa daktari wa mifugo, akatwe kucha, yaishe. Nimecheka. Mimi ni fundi vioo na fremu za picha tangu ujana wangu. Nakata kioo cha dirisha zima mkono hautetemeki. Leo nishindwe na kucha? Kinachotakiwa ni kifaa sahihi tu.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda duka la dawa za mifugo. Muuzaji, dada mmoja mtulivu mwenye koti jeupe, ameniwekea vitu vitatu mezani. Mkasi wenye midomo iliyopinda, unaofaa mbwa wengi. Kikata kucha cha tundu: unaingiza ncha ya kucha tunduni, unabana, wembe unashuka. Na tupa ya kulainishia. Akaniuliza mbwa ana ukubwa gani. Nikamwonyesha kwa mkono, pale gotini. Akasema mkasi wa kati unanitosha.

Akaendelea kusema, na mimi nikaendelea kuitikia. Kwamba ndani ya kucha mna nyama yenye mshipa wa damu, nisiifikie. Kwamba nikate kidogokidogo, kwa kuinamisha mkasi. Kwamba kwanza mbwa azoezwe kushikwa miguu, siku kadhaa, kabla hajaona chuma chochote.

Nimemsikiliza kwa heshima zote. Kisha nikachukua mkasi mkubwa kuliko wote. Kazi ya nguvu inataka nguvu! Dada akaniuliza kama nina ng'ombe pia. Nikasema hapana. Akaufungia kwenye karatasi.

Nyumbani nimeujaribu kwanza kwenye penseli. Ilikatika vizuri mno, kipande kikatua kwenye sufuria ya mchuzi. Nikajaribu kwenye kijiti fulani kilichokuwa karibu. Kilikatika pia. Kumbe ni mwiko. Mama watoto amekula bila kunitazama.

Hakimu ameunusa mkasi, akanitazama mimi, akaingia chini ya kitanda cha Mama. Kesi imeahirishwa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimetafakari sana. Kosa langu lilikuwa kwenda kuuliza dukani wakati elimu ninayo mwenyewe. Kioo hakikatwi kwa nguvu. Unakichora mstari mmoja kwa kisu chake, unakibonyeza, kinaachia. Kucha nayo ni ngumu, nayo inang'aa. Tofauti iko wapi?

Halafu kuna suala la kuinamisha. Yule dada alionyesha kwa kidole na mimi nikakaribia kucheka, maana ilikuwa digrii arobaini na tano kamili. Kona zote za fremu hukatwa hivyo. Nina mashine ya kazi hiyohiyo karakana. Unakanyaga pedali, visu viwili vinashuka, kazi imekwisha. Kwa hiyo leo nimemchukua Hakimu hadi karakana. Kwa vipimo tu. Naapa, vipimo tu.

Kucha zake ni nyeusi. Zingekuwa nyeupe ungeiona nyama ya ndani. Nyeusi huoni kitu. Nikaleta taa ninayomulikia mikwaruzo ya vioo. Sikuona kitu. Nikachora mistari kwa kalamu ya wino mweupe, kwa kubahatisha. Basi mguu wa mbele ukiwa juu ya meza ya mashine, rula kando yake, na mimi nimepiga magoti, akaingia bibi harusi wa mwezi uliopita kuchukua picha yake. Akautazama mguu. Akavitazama visu. Nikamweleza kwamba napima. Akasema atamtuma mtu.

Habari zimefika nyumbani kabla yangu. Mama watoto amesema, bila kupandisha sauti, kwamba nikimgusa tena huyu mnyama kwa chombo chochote cha karakana, atakayehama kwanza ni yeye. Hakimu amekula vizuri, akalala na mistari yake.

Faraja imetoka kwa Mama. Nilimletea fremu mpya aione. Aliipitishia kidole polepole, kona baada ya kona, akasema hii ya tatu imeacha nafasi. Ni kweli! Wateja wote hutazama tu wakasifu. Mama peke yake ndiye anayeijua kazi.

Jumamosi, 8 Machi

Mkurugenzi amekuja. Na zawadi. Mashine ndogo ya kusagia kucha, ya kuchaji, yenye kasi tatu, bado imo kwenye boksi lake. Amesema siku hizi kila mwenye mbwa anayo. Yeye hana mbwa.

Alizunguka sebule mikono nyuma, akatufundisha. Kwamba siri ni kumtoa mnyama woga. Ili kumtoa woga akaiwasha karibu na sikio la Hakimu, kasi ya tatu. Hakimu akapita katikati ya miguu ya Mkurugenzi, chini ya meza, jikoni, chumbani, akarudi kwa njia ileile. Tok tok tok tok, sijawahi kuzisikia kucha zikienda vile. Mkurugenzi alijikuta amekaa sakafuni bila kupanga. Chini, mwenye nyumba aligonga kwa ufagio, na nadhani kwa kiatu pia.

Nilifurahi. Nilifurahi hata nikasahau kwamba kelele zile zinaandikwa kwangu.

Kabla ya kuondoka, Mkurugenzi akamkumbusha Mama habari ya chumba na bustani. Mama akasema atafikiri. Siku zote alikuwa akisema hapana.

Jumapili, 9 Machi

Siku mbaya.

Jana, Mkurugenzi alipoondoka tu, nilikimbilia dukani kabla hawajafunga. Dada amenitajia tena mkasi wa kati. Mimi nikachukua kile cha tundu, kwa sababu kinafanana na mashine yangu. Leo mchana nimemkuta Hakimu amejilaza kwenye jua karibu na dirisha. Kucha ya kwanza ilikwenda vizuri, kipande kidogo kikadondoka, naye hakujua. Nikavimba kichwa. Ya pili nikaamua niikate mara moja tu, hadi mwisho, nisirudie.

Hakimu amelia. Sijawahi kumsikia akilia. Ilikuwa sauti ndogo, haikulingana na mwili wake. Damu kwenye vigae. Mimi niliyejikata kwa vioo maisha yangu yote, nikakaa chini kando yake na kikata kucha mkononi.

Mama alikuja akipapasa ukuta. Hakuniuliza nimefanya nini. Akaketi sakafuni, akamvuta Hakimu mapajani, akaomba unga. Nikaleta wa ngano. Akaushindilia penye jeraha, akabana kwa vidole viwili, huku anazungumza naye habari za kawaida tu, za mvua na za majirani, hadi damu ikakoma. Muda wote huo mimi nilishika bakuli la unga.

Halafu akanigeukia. "Lete huo mkasi wa kati unaoukimbia," akasema. "Na usikate unachotaka wewe. Kata kile anachokupa."

Nimeona haya. Nimemuumiza mnyama mzee ambaye hajanikosea kitu, kwa sababu nilitaka kumtia shemeji yangu adabu.

Alhamisi, 13 Machi

Kimya!

Nimenunua mkasi wa kati. Dada alikuwa ameshauweka kando. Kila jioni tangu Jumatatu tumefanya hivi: Mama anaketi, Hakimu anaweka kichwa mapajani kwake, redio inasema habari zake. Mama anashika kidole kimoja cha mguu, anakikandakanda hadi mbwa anashusha pumzi, kisha ananiambia sasa. Nakata ncha tu. Napitisha tupa. Tunakwenda kingine. Hakimu akiuvuta mguu, tunaacha, tunakunywa chai.

Ilikuwa starehe, kusema kweli. Mama alinisimulia jinsi mzee alivyomuokota Hakimu mtaroni akiwa mdogo, akamficha kwenye koti akidhani hakuna aliyeona. Nilitaka kucha zisiishe.

Zimeisha. Sasa Hakimu anapita kutoka jikoni hadi mlangoni na husikii kitu. Mwenye nyumba amepanda tena, safari hii na machungwa. Amesema amelala mchana, jambo ambalo alikuwa amelisahau. Nilipokea shukrani kwa unyenyekevu, nikamweleza kwa ufupi nadharia yangu ya digrii arobaini na tano. Alikuwa na haraka. Kisha nikampigia Mkurugenzi, salamu tu, kumuuliza kama kile chumba bado kiko wazi.

Siri yote ilikuwa kifaa. Mkasi wa kati. Nilihisi hivyo tangu siku ya kwanza.

Jumamosi, 15 Machi

Kuna kitu hakiko sawa, na jana nilikiona nikakipuuza. Mama hatembei. Amekaa kwenye kiti chake karibu na redio tangu juzi. Anaomba aletewe maji, yeye ambaye tulikuwa tunagombana naye aache kujiletea. Nikadhani ni magoti. Nikadhani labda anafunga mizigo moyoni, anawaza bustani ya mwanawe.

Leo nilikuwa jikoni nikasikia kishindo na Hakimu akibweka kwa uchungu. Nikakimbia. Mama alikuwa chini koridoni, kikombe kimepasuka, chai imemwagika. Hakimu alikuwa amejilaza katikati ya njia, kama kawaida yake, na Mama amemkanyaga. Mchana kweupe, taa inawaka. Nikamwinua, nikamkagua goti, nikamuuliza, kwa ukali kidogo kwa sababu ya hofu, kwani hakumwona?

Akamtafuta Hakimu kwa mkono, akampata, akamshika sikio.

"Sijamwona tangu mwaka jana, baba," akasema. "Nilikuwa namsikia."

Nikakaa naye palepale sakafuni. Akanieleza. Ukungu ulianza jicho moja, ukahamia la pili. Sasa anaona mwanga wa dirisha na vivuli, basi. Asubuhi Hakimu huamka, hutangulia jikoni, naye hufuata mlio wa kucha. Hakimu akienda mlangoni, yeye anajua nani anaingia kwa jinsi mbwa anavyopiga miguu. Hakumwambia mtu, kwa sababu mtu akijulikana haoni, huwekwa kwenye kiti na kuambiwa atulie. Na bustani ya mwanawe ndiyo anayoiogopa kuliko vyote. Kwenye majani asingemsikia kabisa.

Ikanijia ile fremu. Kona ya tatu. Niliisifu akili yake, kumbe vidole ndivyo macho yake.

Nikamuuliza kwa nini basi alinisaidia kukata. Siku zote zile, kidole baada ya kidole, yeye mwenyewe akinielekeza.

"Zilikuwa ndefu, alikuwa anaumia akitembea," akasema. "Hata hilo nilikuwa nalisikia."

Akaniomba nisimwambie binti yake. Nikaahidi kabla sijafikiri.

Jumapili, 16 Machi

Leo, mama watoto alipotoka, nimefumba macho nikajaribu kwenda kutoka kiti cha Mama hadi jikoni. Niligonga meza. Niligonga mlango. Kisha nikamgonga Hakimu, ambaye alikuwa ananitazama nikija na hakuona sababu ya kusogea. Nikakaa chini. Nililia kidogo, kwa ajili ya goti na kwa mengine.

Nimeiondoa njia ya mtu nikashangilia. Nikapokea machungwa.

Ndipo wazo likaja. Kama sauti imeondolewa, sauti irudishwe! Nikaleta vipande vya bati laini ninavyobania picha nyuma ya fremu. Nikavikunja vikawa vikofia vidogo, kila kucha kofia yake, na gundi isiyoumiza. Mlio wake ungekuwa mwembamba, wa Mama kuusikia bila kumfikia mwenye nyumba. Nilishapima unene. Hakimu alivumilia viwili. Cha tatu akakitafuna, nikakitoa mdomoni mwake kwa shida.

Mama watoto akaingia wakati huo. Akanikuta nambandika bati kucha za mbwa, zilezile ambazo nimeshinda wiki mbili nikizinyamazisha. Akauliza ambacho mtu yeyote angeuliza. Sikuwa na uongo ulio tayari.

Mama akaniokoa. Akaweka kiganja juu ya meza, akasema yeye mwenyewe, yote, kama alivyoniambia mimi.

Mama watoto amelia sana. Amemkumbatia mama yake, akamlaumu, akajilaumu, akanilaumu mimi kwa muda mrefu kidogo kuliko wengine. Kisha akafungua droo, akatoa kengele ndogo iliyokuwa kwenye funguo za zamani, akaifunga kwenye mkanda wa shingo ya Hakimu. Ilimchukua muda wa kufunga kiatu. Hakimu akajitikisa. Mama akageuza kichwa upande wake, akatabasamu.

Nimemweleza mama watoto kwamba hiyo ndiyo hatua niliyokuwa naielekea. Amesema anajua.

Jumatano, 19 Machi

Kliniki ya macho. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari amesema hutolewa kwa upasuaji mdogo, jicho moja kwanza, na wengi huona vizuri baadaye. Miwani haitasaidia. Lakini foleni ni ndefu, zamu ya Mama itafika baada ya miezi kadhaa. Mama watoto ametoka mle ndani anacheka na kufuta machozi kwa pamoja.

Jioni Mkurugenzi akaja. Mikono nyuma. Akasema sasa hakuna mjadala, Mama hawezi kubaki kwenye nyumba ya ngazi na vigae, pamoja na mtu anayewabandika mbwa mabati. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, niliona yuko sahihi, na nikamchukia kwa hilo.

Mama akaomba redio izimwe.

"Kwako nitakuwa mgeni wa kushikwa mkono," akamwambia mwanawe. "Hapa kona zote nazijua, na anayenigongesha nazo namjua."

Tulicheka wote, hata Mkurugenzi, ambaye ana meno mazuri, sikuwahi kuyaona. Anabaki. Mama anabaki! Nilikwenda jikoni nikasema natafuta sukari. Sukari ilikuwa mezani sebuleni. Hakuna aliyenifuata, na nawashukuru.

Ijumaa, 21 Machi

Amani. Kengele inalia kidogo tu, mwenye nyumba anasema hasikii kitu. Hakimu anatangulia, Mama anafuata. Leo amejiletea maji mwenyewe, tukagombana naye vizuri.

Nimekaa karakana nikatafakari mambo haya yote. Mtu akipitia majaribu ajiulize amejifunza nini. Mimi nimejifunza mengi. Nimejifunza kusikiliza wenye ujuzi wao. Nimejifunza kwamba ufundi wa kazi moja si ufundi wa kazi nyingine. Zaidi ya yote nimejifunza kutokuwa na haraka.

Lakini miezi kadhaa! Kumwacha mama wa watu kwenye ukungu miezi kadhaa, eti anasubiri zamu! Nikatazama ukutani, vioo vimepangwa kwa unene, chini yake fremu za kila aina, na kitu kikaniingia akilini ghafla. Miwani ni nini? Ni vioo viwili na fremu. Na mtaa mzima huu, nani anajua vioo na fremu kuliko mimi? Daktari alisema miwani haitasaidia, ndiyo, lakini alikuwa na maana ya miwani ya kawaida. Hii itakuwa nene.

Mchoro umekamilika. Kesho asubuhi, kabla mama watoto hajaamka, nitampima Mama pua. Limebaki suala la kifaa tu.